Maziwa ya Kumwaga

Kila aliyepita darasa la Kipaimara katika Kanisa letu alikaririshwa maelezo ya Martin Luther juu ya ombi la nne la Sala ya Bwana. Mkate wetu wa kila siku ni nini? Watoto wetu hapa Maswa huanza vizuri na chakula na kinywaji, mavazi na viatu, nyumba na mashamba. Wakifika kwenye mifugo sauti hupanda, maana hapo wanajua wanachokisema. Kisha huja fedha na mali, na sauti huanza kushuka. Mwishoni kabisa kwenye orodha, ambako Luther aliwaweka marafiki wema na majirani waaminifu, darasa limekwisha kuchoka na mwalimu naye anatazama saa. Tumelisikia jambo hilo miaka yote tunayofundisha, na hatukuwa tumelipa uzito mpaka tuliposafiri kwenda Kabete kuona hospitali ya wanyama.

Tulikuwa watu kumi na watatu katika Kosta moja ya kukodi: maafisa ugani wa mifugo wanane, wauza dawa za mifugo wawili, dereva, na watumishi wawili wa usharika, yaani mwinjilisti na mchungaji. Wengine wanaweza kuuliza watumishi walikwenda kutafuta nini huko. Usharika una mradi wa akina mama wa kukopa ng'ombe na kulipa ndama, kama ilivyo katika dayosisi nyingi za KKKT, na maafisa hawa ndio wanaotutibia ng'ombe hao. Watano kati yao huimba kwaya yetu au huketi kwenye viti vyetu kila Jumapili. Wawili ni Waislamu, na hao ndio waliotuchangamkia kuliko wote. Mmoja wa maafisa ana rafiki yake daktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akatuombea nafasi ya kutembelea kitivo cha tiba ya mifugo kilichoko Kabete. Kila mtu alilipa nauli yake mwenyewe, na hilo tunalisema mapema kwa sababu ya maneno yaliyozunguka mjini.

Tuliondoka Maswa saa saba usiku, mwezi wa Julai, wakati watu wengi wana fedha kidogo ya pamba. Baada ya sala fupi kila mtu alilala. Bariadi tuliipita gizani, Lamadi tukasikia harufu ya ziwa, na Mto Mara kwenye daraja la Kirumi hatukuuona, tuliusikia tu chini ya magurudumu. Kulipambazuka tukiwa Tarime. Mpakani Sirari tulipanga mstari na hati zetu na kadi za chanjo ya homa ya manjano, na mwenzetu mmoja alishangaa kwamba yeye aliombwa kadi ya chanjo kabla hajaulizwa jina. "Kama ng'ombe wa mnadani," alisema, na wote tukacheka pamoja na aliyekuwa anatuhudumia.

Ng'ambo ya mpaka nchi inabadilika haraka kwa macho ya Msukuma. Migori bado ni nchi ya kueleweka. Ukifika Kisii ardhi inasimama wima na kila shubiri ina mgomba au chai, na ng'ombe wamefungwa kamba barabarani mmojammoja, kila ng'ombe na mtoto wake wa kumchunga. Maafisa wetu walianza kuhesabu. Kwetu mtu mwenye ng'ombe mmoja huhesabiwa kuwa hana ng'ombe. Pale waliona mtu mwenye ng'ombe mmoja akimkatia majani, akimletea maji kwa ndoo, na wakaanza kubishana kama ule ni ufugaji au ni uuguzi. Sotik, Bomet, kisha tambarare za ngano za Narok, ambako tulisimama ndugu zetu wawili wakaswali nasi tukanyoosha miguu. Baada ya Mai Mahiu gari lilianza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Kando ya barabara hiyo kipo kikanisa kidogo kilichojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wanachonga njia ile. Ndani wanaenea watu wachache sana. Mwinjilisti wetu alikikazia macho mpaka kona ikakificha, akasema hata mfungwa huona ni lazima ajenge pa kusalia.

Huko juu Limuru kulikuwa na ukungu na baridi ya kutikisa meno. Hapo ndipo mzee wetu, afisa mifugo aliyebakiza miezi michache astaafu, alipomwomba dereva apunguze mwendo. Tulikuwa tunapita njia panda ya Muguga. Alisimama katikati ya viti, ameshika vyuma vya juu, akatuhubiria. Tunasema alituhubiria kwa sababu hatuna neno jingine.

Alitukumbusha sotoka. Miaka ya 1890 ugonjwa huo ulipita Afrika Mashariki ukafagia mazizi, na babu zetu waliokuwa wanahesabu utajiri kwa ng'ombe waliamka maskini. Hapo Muguga, katika shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyokuja kuenea bara zima na nje yake. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa Kenya mwaka 2001, kwa nyati, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa imeondokana nayo. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa kabisa, baada ya ndui. Hapohapo Muguga ndipo ilipopatikana chanjo ya ndigana kali, ile ambayo ndama huambukizwa vimelea hai na papo hapo hupigwa sindano ya oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini muda mrefu, apambane na ugonjwa akiwa amekingwa, na kwa kawaida dozi hiyo moja humtosha maisha. Jumuiya ya zamani ilivunjika mwaka 1977, mpaka tuliovuka asubuhi ukafungwa mpaka mwaka 1983, lakini kupe hawakujua kuna mpaka. "Na hata madaktari wengi wa mifugo wa kwanza wa kwetu," alimalizia, "walisomea Kabete, maana Morogoro tulianza kufundisha mwaka 1976. Kwa hiyo msijione wageni. Tunakwenda kwa mama." Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, lakini gari lilikaa kimya mpaka Kikuyu tulikolala.

Asubuhi yake tulikuwa Kabete. Hatutaeleza kila chumba. Tulionyeshwa mahali pa upasuaji, maabara, wanafunzi wenye makoti meupe na mabuti ya mpira, farasi mmoja mwenye jeraha la mguu, mbwa wengi kuliko tulivyotarajia, na paka aliyewekewa dripu, ambaye mmoja wa wauza dawa alimpiga picha ili akawasimulie watu wa kwao Malampaka. Vifaa vingine maafisa wetu walivijua kwa kuvisoma tu. Ukumbusho wa jinsi Mungu alivyowapa watu akili haukuhitaji mahubiri. Tungekuwa tumerudi tumefurahi, tukaandika taarifa ya safari, basi, kama si mama mmoja aliyekuwa pale uani na ng'ombe wake.

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga kitambaa kichwani, sweta juu ya sweta. Ng'ombe wake mweusi mwenye mabaka meupe alikuwa ameletwa kwa pikapu. Daktari, dada kijana, alikuwa anawafundisha wanafunzi. Alikamulia maziwa kidogo kutoka kila chuchu kwenye kibao chenye visahani vinne, akamimina dawa, akakizungusha. Visahani vitatu vilibaki na maji maji. Cha nne kiliganda kama uji wa lishe. Ugonjwa wa kiwele, robo moja. Si jambo la kuua. Daktari alieleza matibabu: dawa ya kuingiza kwenye chuchu siku tatu, na baada ya dozi ya mwisho, siku nyingine nne kama chupa inavyoagiza. Kwa siku zote hizo saba maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe, yasiuzwe, ndama asipewe. Yamwagwe.

"Ya hiyo titi moja," mama alisema.

"Ya zote nne, mama. Dawa inapita kwenye damu."

Mama alinyamaza akipiga hesabu kwa midomo. Ng'ombe alikuwa anampa lita 12 kwa siku, na jirani na hoteli moja walimlipa shilingi 50 kwa lita. Lita 84. Shilingi 4,200 za Kenya, yaani kama elfu themanini za kwetu, na hapo hajalipa dawa wala pikapu. Alitaja karo ya mtoto wa kidato cha pili. Kisha akatugeukia sisi, kundi la watu wazima tuliojipanga ukutani kama wanakwaya, akauliza tunatoka wapi. Akaambiwa Tanzania, madaktari wa mifugo. Hakuna aliyemsahihisha.

"Na huko kwenu, mnamwaga?"

Swali hilo lilikuwa la maafisa wanane wenye miaka mingi ya kazi. Mmoja alianza kusema kwamba kwetu ng'ombe wa asili hutoa lita moja au mbili tu na ndama anataka yake. Ni kweli kabisa, na halikuwa jibu. Mzee wetu ndiye aliyejibu. "Hapana, mama. Tunawaambia. Wachache wanamwaga. Wengi hawamwagi."

"Kwa hivyo mimi niwe mjinga peke yangu?"

Daktari alitazama chini akiandika. Mama akaiona kola. Tulijua inakuja, kwa namna watu wanavyoiangalia kola kabla ya kuuliza jambo lisilo na njia ya kulikwepa.

"Pasta, wewe ungenunua maziwa yangu wiki hii?"

Tukamjibu kwamba hapana.

"Basi," akasema. Akachukua karatasi yake ya dawa, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya sweta, akaanza kumtafuta mwenye pikapu.

Hatujui alifanya nini alipofika nyumbani. Hatukumwomba anwani wala hatukuwa na haki ya kuuliza. Tunachojua ni kilichotokea usiku ule katika nyumba ya wageni, mahali ambapo kila mtu alikuwa amevaa kila nguo aliyokuja nayo.

Wauza dawa walianza kwa kujitetea kabla ya kushitakiwa. Mteja akija dukani na kusema nipe oksi, utampa. Ukimnyima anakwenda duka la pili, na huko hata hamwambii siku za kusubiri. Mfugaji mwenyewe anapiga sindano, mwenyewe anakadiria kiasi, kwa ng'ombe wa kilo 250 na ndama wa kilo 40 kwa bomba lilelile. Kijana mmoja afisa ugani alisema yeye hueleza vizuri sana, hata huandika kwenye daftari la mfugaji. Lakini akipita kesho yake asubuhi anakuta maziwa yamechemshwa, watoto wanakunywa na viazi, na hakuna kingine mezani. "Nimwage mimi?" aliuliza. "Nipige teke sufuria?" Mwingine akasema kuchemsha kunaua vijidudu. Mzee akamkata: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi dawa. Na mtoto anayekunywa dawa kidogo kidogo leo ndiye ambaye akiugua kweli vijidudu vitakuwa vimeshazoea. Usugu huo ndio wanaousemea kwenye semina kila mwaka, na kila mwaka wanarudi na fulana.

Ndugu zetu wawili Waislamu walilieleza kwa ufupi kuliko sisi. Kwao, anayeuza kitu chenye kasoro huku akiificha kasoro amedhulumu, na dhuluma hurudi. Nasi katika Katekisimo tuna amri mbili zinazokutana kwenye sufuria hiyo. Amri ya saba, usiibe, Luther aliieleza kuwa inakataza pia kupata mali ya jirani kwa bidhaa mbovu. Na amri ya tano, usiue, aliieleza kuwa inakataza kumdhuru jirani katika mwili wake, kisha akaongeza jambo ambalo darasani hulipita haraka: inatuagiza tumsaidie katika mahitaji yake ya mwili. Mhubiri akisimama na amri ya saba tu, anaweza kumhukumu yule mama kwa dakika tano na kuketi. Akiendelea kusoma amri ya tano mpaka mwisho, anagundua kwamba jirani aliyeagizwa kusaidiwa ni pamoja na mama mwenyewe, na anayeagizwa kusaidia ni sisi tunaokunywa chai ya maziwa.

Hapo ndipo mabishano yalipokuwa makali, na tunaona ni vizuri yalikuwa makali. Mwinjilisti alishika msimamo kwamba dhambi haipungui kwa sababu ya umaskini. Kijana afisa ugani alimjibu kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa unalipwa mwisho wa mwezi. Sisi tunaona wote wawili walikuwa na haki, na kwamba ingekuwa vibaya kuwapatanisha haraka. Sheria ya Mungu haiwi laini kwa sababu mtu ana karo ya kulipa. Maziwa yale yana dawa ndani yake, aliyeyakamua awe tajiri au fukara. Lakini Kanisa likimwachia mtu mmoja gharama yote ya utii, na lenyewe likabaki na kazi ya kumkumbusha tu, huo ni utii wa kumwagizia mwenzako. Tumewahi kuona usharika ukichangia jeneza ndani ya saa moja. Hatujawahi kuona usharika ukichangia uaminifu.

Kurudi kulikuwa kurefu, kama kurudi kunavyokuwa. Dereva alisimama Narok, Kisii, Migori. Mpakani hakuna aliyetania. Mzee alilala njia nzima, kofia usoni. Bunda tuliingia usiku, na Maswa saa tisa alfajiri, na mbwa wa mjini walitupokea.

Wiki mbili baadaye jambo hili lilifikishwa kwenye kikundi cha akina mama wa mradi. Wako kumi na mmoja, kila mmoja ana ng'ombe chotara mmoja, wengine wana na mtamba. Hawakuhitaji mahubiri. Mama mmoja alisema papo hapo kwamba mwaka uliopita alimwaga siku tano, akiwa peke yake, na majirani walipoona povu jeupe kwenye mtaro walisema amerogwa. Hatukuwa tumelijua hilo. Amekaa kwenye kiti cha tatu kutoka mbele kila Jumapili, na hatukulijua.

Wazo lililotoka kwao ni hili. Ng'ombe wa mmoja akiwa kwenye dawa, wale kumi waliobaki kila mmoja alete nusu lita kwa siku mpaka siku zitimie. Hizo ni lita tano. Ng'ombe wengi wa mradi hutoa sita au saba, kwa hiyo anayemwaga atapoteza kidogo, lakini wateja wake hawatakosa na watoto wake watakunywa. Wazo likaja kwenye baraza la usharika, na huko ndiko tuliko sasa, maana wazee wa kanisa wameuliza maswali ambayo hayawezi kufutwa kwa sala ya kufungia. Tutajuaje kama kweli amemwaga? Na yule ambaye ng'ombe wake anaumwa kiwele kila mwezi kwa sababu banda halifagiliwi na mikono hainawiwi kabla ya kukamua, tumlipe uzembe? Mzee mmoja aliuliza kwa nini ng'ombe chotara wa mjini wapate mfuko, na wafugaji wa vijijini wenye ng'ombe wa asili arobaini wasipate, nao pia wanapiga sindano. Swali hilo ndilo gumu kuliko yote, na aliyeliuliza ana ng'ombe arobaini.

La kwanza lilijibiwa na yule mama aliyemwaga siku tano. Alisema wenzake wapokezane kwenda kumsindikiza asubuhi na jioni, wamwage pamoja. La pili, afisa mifugo kijana ameahidi kukagua mabanda kabla mtu hajaingia kwenye mpango, na kufundisha kunawa, kukamua, na kuchovya chuchu kwenye dawa baada ya kukamua. La tatu halijajibiwa. Limeandikwa kwenye muhtasari na kusogezwa mpaka kikao cha baada ya mavuno ya choroko, na mzee wa mifugo, ambaye sasa amestaafu, amealikwa kuhudhuria.

Kikundi hakikusubiri. Mhazini wao amekwisha kununua kikombe cha kupimia, cha bati, cha nusu lita. Kipo ofisini kwetu, juu ya kabati la vitabu vya ubatizo.